Dakika Arobaini Kutoka Digodigo

Karatu,
Februari 1998

Kwako Kaka Piusi,

Tumsifu Yesu Kristo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, ikiwa reli ya huko Tabora bado inapitisha posta baada ya mvua hizi. Mimi ni mzima, ila naandikia gotini, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Mama yu hai. Nimeanza na neno hilo kwa sababu najua macho yako yangelitafuta kabla ya mengine yote. Amelazwa hapa hospitalini Karatu, amepasuliwa tumbo, na jana amekunywa uji kidogo akaumaliza. Anitha naye hajambo. Hukuuliza, lakini nakuambia.

Naomba uisome barua hii ukiwa peke yako, uifikishe mwisho, ndipo ukasirike ukiona inafaa.

Uliposikia Mama ameondoka Oldeani kuja kwangu Digodigo, uliandika kuuliza mwanamke wa umri wake anatafuta nini porini. Nikakujibu kwamba amekuja kuona mahali ninapofanyia kazi. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Alikuja kwa ajili ya Anitha. Tangu ulipomwambia mwanao asikanyage tena kwako na mimba yake, nami nikamchukua tukae wote kwenye nyumba ya zahanati, Mama hakupata usingizi. Alipanda lori la mahindi peke yake, akafika kwangu amejaa vumbi mpaka kope, akaniambia kwamba mtoto huyo akizaliwa ataangukia mikononi mwake. Nilidhani ni mapenzi ya bibi kwa mjukuu. Sikujua kilichokuwa nyuma yake.

Wewe hujafika Digodigo, kaka, kwa hiyo nikueleze. Wakati wa kiangazi, gari likitoka kwetu alfajiri linapita Sale, linakata mbuga za Malambo, linapanda mpaka ukingo wa kreta, kisha linateremka na msitu na kuingia Karatu jua likizama, kama halikukwama njiani. Mwaka huu hapakuwa na kiangazi. Mvua zilizoanza Novemba zilizoa madaraja, makorongo yakawa mito, na tangu Krismasi hatukuona gari lolote. Chumvi ililetwa na punda.

Katika hali hiyo Mama akaugua. Alirudi kutoka kanisani akisema tumbo linamkata. Kesho yake lilikuwa limevimba na kukaza kama ngoma, na alichotapika kilikuwa cha kijani. Mimi ni mkunga, si daktari, lakini niliweka sikio kwenye tumbo lake nikasikiliza. Tumbo la mtu mwenye afya huwa linanguruma. La Mama lilikuwa kimya. Nikajua utumbo umejisokota, na kwamba asipopasuliwa ataoza ndani akiwa hai. Kaka, nilitoka nje nikaenda nyuma ya choo ili Anitha asinione uso.

Hospitali ya karibu haikufikika kwa barabara, na kiwanja chake cha ndege kilikuwa kimefunikwa na maji. Nikaita Karatu kwa redio ya zahanati. Wakajibu kwamba wingu likifunguka watatuma ile ndege ndogo ya wagonjwa, kwa sababu kiwanja chetu kiko kwenye mteremko wa changarawe na maji hayakai. Asubuhi iliyofuata tukaisikia kabla ya kuiona.

Rubani anaitwa Herbert, Mchaga wa Machame, mtu mfupi, mpole, asiyesema sana. Mama alipoiona ndege alikataa katakata. Unamjua Mama, hajapanda hata ghorofa. Alisema heri afie kwenye mkeka wangu, azikwe na watu waliosimama juu ya udongo, kuliko kwenda kuokotwa vipande vipande mlimani. Nilimbembeleza, mwalimu wa dini akambembeleza, akageuzia uso ukutani. Ni Anitha aliyemshinda. Alipiga magoti kando ya mkeka na tumbo lake lile kubwa, akamwambia, "Bibi, ukifa hapa, mimi nitabaki na nani?"

Mama akageuka kutoka ukutani. Halafu akamuuliza rubani ni safari ya muda gani. Herbert akachuchumaa ili awe sawa naye, akamwambia ni dakika arobaini tu. Mama alishangaa. Aliuliza inawezekanaje njia iliyomchosha siku nzima kwenye lori iwe dakika arobaini, na yeye akamwambia kwamba ndege haizunguki milima, inaipita juu. Basi Mama akasema, "Dakika arobaini nitazivumilia." Tukambeba.

Ndani viti vilikuwa vimetolewa kuweka machela. Mimi nilikaa sakafuni kando yake, nimeshika chupa ya dripu, mgongo wangu ukigusa kiti cha Herbert. Tulipoinuka niliona bati za zahanati, mifereji ya mashamba, na Anitha amesimama peke yake katikati ya kiwanja ameshika leso yake isipeperuke. Kisha Anitha akawa mdogo, akapotea. Mama alikuwa amefumba macho anasali Salamu Maria bila kupumzika.

Mwanzoni kulikuwa shwari, na niliuona Mlima Lengai upande wa kushoto ukitoa moshi mwembamba. Mbele yetu, mahali ambapo milima ya kreta ingepaswa kuwa, palikuwa na ukuta mweupe. Herbert akapanda juu zaidi, na ule ukuta nao ulikuwa unapanda. Alizungumza kwenye redio, akasubiri, akazungumza tena, na kilichojibu ni mkwaruzo tu. Akanigeukia akaniambia kwa sauti ya kawaida kwamba anaona mwanya kati ya milima miwili na atajaribu kupita hapo, nimshike mama vizuri.

Tukaingia kwenye wingu. Sijui nikuelezeje. Ni kama kufunikwa shuka jeupe usoni. Mabawa sikuyaona. Mvua ya mawe ikaanza kupiga bati la ndege, ndege ikaanguka kama ndoo iliyokatikiwa kamba kisimani, kisha ikapigwa kutoka chini tukarushwa. Chupa ikanitoka mkononi. Mama alipiga kelele moja tu, tena si ya maumivu. Nilikuwa natambaa kuitafuta chupa nilipotazama dirishani, na hapo wingu likapasuka kidogo, nikaona miti.

Kaka, miti ile haikuwa chini yetu. Ilikuwa pembeni. Niliona zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi ya miti ya msitu wa juu, niliziona zikitikisika kwa upepo, karibu kama unavyoona mibuni kutoka dirisha la nyumba yetu Oldeani. Herbert akasema "Mungu wangu," akavuta kwa mikono miwili, injini ikalia, na ndege ikainama upande mmoja mpaka Mama na machela yake wakanilalia. Nilifumba macho nikisubiri kugonga. Sikusali. Watu husema ukifika hapo unasali. Mimi nilikuwa nawaza kwamba sikumwonyesha Anitha mahali ninapoweka ufunguo wa kabati la dawa.

Hatukugonga. Tulitoka tena kwenye mwanga, tumegeuka tulikotoka. Shati la Herbert lilikuwa limelowa mgongo wote. Akaniambia kwamba juu hakupitiki, na kurudi Digodigo hawezi kwa sababu mvua imeshafunga nyuma yetu. Atazunguka milima kwa upande wa magharibi, apite Olduvai, ashuke kusini mpaka Ziwa Eyasi, ndipo ajaribu kuingia Karatu kwa mlango wa nyuma. Nikamuuliza kama mafuta yatatosha. Akasema yatatosha mpaka ziwani.

Mama akanivuta gauni. Alitaka kujua kama zile dakika arobaini zimeisha. Nikamwambia bado kidogo. Zilikuwa zimeisha zamani. Aliniuliza tena, na tena, na kila mara nilimdanganya, na kila mara nilihisi mkono wake unazidi kuwa baridi. Mapigo yake yalikuwa mepesi na ya haraka, kama ya kifaranga ukimshika. Niliogopa atanifia hapo sakafuni, na niliogopa kwamba asipokufa kwa tumbo atakufa pamoja nasi, na sikujua niombe lipi lichelewe.

Baada ya muda mrefu nchi ikabadilika. Kijani kikaisha, ukaja udongo mkavu na miiba, na mbele yake ziwa limelala jeupe kama chumvi iliyomwagika. Upande wa kushoto milima yetu ilikuwa bado imefunikwa wingu mpaka magotini. Herbert akatikisa kichwa. Akasema Karatu haionekani, atatua hapo hapo chini. Mama aliuliza tumefika wapi. Nikamwambia, "Mang'ola, Mama. Tunatua Mang'ola."

Alifumbua macho akanitazama kana kwamba nimemtukana. Akashika kichwa changu kwa mikono miwili, akakivuta mpaka sikio langu likagusa mdomo wake kwa sababu ya kelele za injini, akaanza kusema kwa Kiiraqw. Alichosema nitakuandikia muda si mrefu. Acha kwanza nimfikishe hospitali.

Herbert alipita chini mara moja kutawanya ng'ombe, akazunguka, akatua kwenye uwanda ulio kati ya ziwa na mashamba ya vitunguu. Tuliruka, tukaruka tena, tukasimama. Injini ilipozimwa nilisikia mbuzi, na nikaanza kulia. Herbert alishuka akaenda nyuma ya ndege akatapika, kisha akarudi akaniomba radhi kwa kuchelewa.

Watu wa mashambani walikuja mbio. Kulikuwa na lori limeshajazwa vitunguu, dereva wake Mwiraqw mwenzetu anaitwa Tluway, mtu mnene mwenye sauti ya kwaya. Hakuuliza maswali. Aliamuru magunia ya katikati yashushwe, yakatandazwa mengine sawasawa, wakafunga turubali juu, tukamlaza Mama humo. Wakati wanashusha, nilimwona Mama akimwita Tluway kwa kidole na kumnong'oneza, na Tluway akavua kofia. Walizungumza kidogo tu.

Kutoka Mang'ola kwenda Karatu si mbali, unajua. Asubuhi moja kwa gari, ukiwa na barabara. Sisi tulipofika kwenye mpando tulikuta tope jekundu, lori likawa linarudi nyuma kuelekea korongoni, na vibarua wakawa wanaruka kuweka mawe chini ya matairi. Nilikuwa nimemkumbatia Mama katikati ya harufu ya vitunguu, nikisikia magurudumu yanavyoteleza, nikiwaza kwamba tumeponea mawinguni tuje tufie hapa. Lakini Tluway alitufikisha jua halijazama. Daktari alimtazama Mama mara moja akamwingiza chumba cha upasuaji bila hata kubadili viatu vyake vya nje. Walikata kipande cha utumbo kilichokuwa kimekuwa cheusi. Daktari alisema angechelewa mpaka kesho yake tusingekuwa na mtu wa kumpasua.

Sasa nikuambie alichosema ndegeni.

Mama alikuwa msichana wa miaka kumi na saba kwao Mbulu, kabla hajamjua baba yetu, akapata mimba. Hakutaka kuniambia ya nani, nami sikumlazimisha. Unajua desturi ya wazee ilivyokuwa. Walimtenga, metimani, kama walivyoiita. Hakula chombo kimoja na mtu, hakuvuka uwanja wa mtu, kwa sababu walisema mimba ya namna ile inaua mvua na ng'ombe. Babu alimtoa nyumbani kwa fimbo. Alishuka kwa miguu mpaka Mang'ola, na huko akapokelewa na wafugaji wa Kidatoga, mzee mmoja mwenye jicho moja na mkewe asiye na mtoto, waliokaa karibu na chemchemi. Alijifungua kwao mtoto wa kike. Alimnyonyesha mpaka akaanza kukaa mwenyewe. Kisha mjomba wake akaja kumwambia anaweza kurudi, amesafishwa, lakini arudi mikono mitupu. Akamwacha.

Alirudi, akaolewa na baba, wakahamia Oldeani, ukazaliwa wewe, nikazaliwa mimi. Hakumwambia baba. Hakumwambia padre. Alisema alikubali nyumba ya Oldeani kwa sababu siku wingu likifunguka, kutoka shamba la juu unaliona ziwa.

Kwa hiyo, kaka, wewe si wa kwanza. Tuna dada.

Na neno la pili alilosema ni lako. Alisema, "Mwambie Piusi, nilipoona amemfukuza Anitha nilisikia ile fimbo tena mgongoni. Mwambie sina nguvu ya kuipokea mara mbili." Ndiyo sababu alipanda lori la mahindi. Ndiyo sababu hakutaka kuondoka Digodigo. Nimekuandikia kama alivyolisema, sikuongeza chumvi. Anitha hajui lolote. Jana nimezungumza naye kwa redio, yupo na mkunga wa jadi mwenye mikono mizuri, siku zake zimekaribia. Aliuliza habari za bibi yake, halafu akauliza kama baba amesema kitu. Ile redio kila mtu anaisikia, nikamwambia sauti inakatika.

Mama alipopata fahamu baada ya dawa ya usingizi, alijua kwamba amesema, na akaogopa. Hakuogopa upasuaji kama alivyokuogopa wewe. Alinisihi nikuandikie kwanza, kwamba wewe ndiye unayeshika nyumba baada ya baba, na kwamba asitafutwe mtu yeyote mpaka jibu lako lifike. Nikamwahidi. Nilikuwa nimeandika mpaka hapa, leo saa nne asubuhi, nikaitwa na muuguzi kwamba kuna wageni nje.

Alikuwa Tluway. Kumbe kule Mang'ola Mama alimuuliza habari za mji wa mzee mwenye jicho moja. Tluway akamjibu kwamba wazee wote wawili wamekufa, lakini binti yao yupo, ameolewa na mkulima wa vitunguu, na kila mtu anajua kwamba hakuzaliwa na wale wazee. Hakumwahidi Mama kitu. Ila aliporudi Mang'ola alimwambia yule mwanamke kwamba kuna mama mgonjwa Karatu aliyemuulizia. Hakumwambia zaidi. Yule mwanamke mwenyewe akapanda juu ya magunia akaja.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la wageni, kanga mbili, viatu vya matairi, bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko. Nilimtazama dirishani kabla hajaniona. Kaka, ni paji la uso la Mama, na ile namna ya kukaa amekunja mkono mmoja chini ya mwingine kama mtu anayesikia baridi. Niliogopa kuliko kwenye lile wingu. Niliwaza nyuzi za tumbo la Mama, nikawaza moyo wake, nikawaza wewe. Nilikuwa nimeahidi. Barua hii itachukua wiki ngapi kufika Tabora, na jibu lako wiki ngapi kurudi? Na kama jibu ni hapana, nitamrudisha na lori lipi mtu aliyekuja mwenyewe?

Nimevunja ahadi. Nilimshika mkono nikamwingiza wodini.

Mama alimwona kuanzia mlangoni. Hakulia, wala yule hakulia. Mgeni hana Kiiraqw, na Mama Kiswahili chake unakijua, cha sokoni. Mgeni alivuta kigoda akakaa karibu na kitanda, wakatazamana. Kisha akauliza polepole, ili Mama aelewe, "Uliniita nani, uliponizaa?"

Mama akasema, "Sikukuita. Walinikataza."

Akasema, "Mimi nilibatizwa Monika. Basi niite Monika." Mama akaliita. Alikosea mara ya kwanza, akaliita tena.

Sasa Mama amelala, na Monika yuko palepale kwenye kigoda, amemshikia mkono wenye dripu usikunjike. Tluway atarudi kumchukua keshokutwa. Kukipambazuka bila wingu, Herbert atanirudisha Digodigo kwa Anitha, na nitapanda, ingawa naogopa hata kuufikiria mlango wa ile ndege ukifungwa. Nimemwambia Herbert asinitajie dakika.

Mama anakusalimu sana, nimekuandikia salamu zake kabla hajasinzia. Anitha hakutuma salamu, aliogopa zitarudishwa. Wasalimie wifi na watoto, na jirani zako wanaonifahamu. Jibu tafadhali, kwa barua au kwa simu ya posta, lolote utakalokuwa umeamua, lakini jibu.

Monika naye ameniuliza naandika kwa nani. Nikamwambia, kwa kaka yetu aliyeko Tabora. Akahesabu kidogo kichwani, akasema, "Huyo ni mdogo wangu." Kisha akaniuliza kama mdogo wake ni mkali. Sikumjibu, kaka. Nimekuachia wewe umjibu.

Ni mimi mdogo wako,
Marsela